TAHARIRI: Walishinda Frankfurt wakakosa kiti, lakini kuna ambao hawakuhesabiwa kabisa

Wahenga walisema kutangulia si kufika. Waulize Yannick Schwander na Leopold Born. Februari 23, 2025, Wajerumani walipochagua Bunge la Shirikisho, Bundestag, wanasiasa hao wawili wa chama cha CDU waliongoza katika maeneobunge mawili ya jiji la Frankfurt. Schwander alikuwa wa kwanza Frankfurt am Main I, Born akawa wa kwanza Frankfurt am Main II. Hakukuwa na fomu zilizopotea wala kesi ya kura kuibwa. Walishinda kwa haki kabisa. Na bado hakuna hata mmoja wao aliyeingia bungeni.

Hapa kwetu jambo kama hilo lingezua maandamano kufikia adhuhuri. Kenya ukimshinda mpinzani wako hata kwa kura moja, wewe ndiwe mheshimiwa. Simu inaanza kulia usiku huo huo, na asubuhi kuna foleni ya karo langoni. Ujerumani ina maeneobunge 299, sisi tuna 290, kwa hivyo mtu anaweza kudhani mambo ni yale yale. Siyo. Kule, mwaka 2025, watu 23 waliongoza katika maeneobunge yao wakabaki nje ya bunge.

Utauliza, sasa hayo ya Frankfurt yanamhusu vipi kijana wa Umoja au Kisauni? Yanamhusu, na pengine kuliko anavyofikiri. Septemba 13, 2024, jijini Berlin, Kenya na Ujerumani zilitia saini mkataba kuhusu wafanyakazi na uhamiaji. Tangu hapo majuu ya vijana wengi yamepata anwani. Madarasa ya Kijerumani yamechipuka, na kila mtaa una msee anayemeza vitenzi vya lugha hiyo ili apite mtihani. Ukienda kuishi mahali, ni vyema ujue sheria za mahali hapo hutungwa na nani, na kama wewe mwenyewe umo katika hesabu ya huyo anayezitunga.

Kura mbili mkononi

Tuanze na jinsi mambo yanavyokwenda. Mjerumani akiingia kituoni hupewa karatasi moja yenye safu mbili. Kura ya kwanza ni ya mtu: anamchagua mgombea wa eneobunge lake, kama sisi tunavyofanya. Kura ya pili ni ya chama: anachagua orodha ya chama katika jimbo lake, na Ujerumani ina majimbo 16. Frankfurt iko katika jimbo la Hessen.

Wageni wengi hudhani kura ya kwanza ndiyo yenye uzito kwa sababu inaitwa ya kwanza. Ni kinyume. Kura ya pili ndiyo inayoamua kila chama kinapata viti vingapi. Chama kikipata robo ya kura za pili za vyama vilivyofuzu kuingia bungeni, kinastahili takriban robo ya viti.

Zamani kulikuwa na njia ya kuwaridhisha wote. Tuseme kura za pili zinakipa chama viti 10 katika jimbo fulani, lakini wagombea wake wameshinda maeneobunge 12. Washindi wote 12 waliingia. Kisha vyama vingine viliongezewa viti ili mizani isipotoke. Hesabu hiyo ilikuwa ya upole, ila ilikuwa na tumbo kubwa. Kufikia uchaguzi wa 2021 Bundestag lilifura hadi wabunge 736.

Machi 2023 bunge hilo likapitisha sheria ya kujipunguza. Kuanzia uchaguzi wa 2025 viti ni 630, basi. Ukirudi kwenye mfano wetu, chama chenye haki ya viti 10 na washindi 12 sasa kinapewa viti 10 tu. Washindi wake wanapangwa kwenye mstari kulingana na asilimia ya kura ambazo kila mmoja alipata nyumbani kwake. Wawili wa mwisho wanarudi nyumbani. Vyama vya kihafidhina vilikwenda mahakamani, na Julai 30, 2024, Mahakama ya Katiba ya Shirikisho iliyoko Karlsruhe ikasema utaratibu huo hauvunji katiba.

Ndiyo maana Schwander na Born hawakuingia. CDU ilishinda maeneobunge mengi Hessen kuliko viti ambavyo kura zake za pili zilistahili, na hao wawili walikuwa miongoni mwa waliosimama mkiani mwa mstari.

Kwa nini wa mjini ndio walioumia

Angalia mstari huo vizuri. Anayeachwa ni yule aliyeshinda kwa asilimia ndogo. Na asilimia ndogo hutoka wapi? Mara nyingi hutoka mjini.

Mashambani chama kimoja kinaweza kuwa na ngome, mgombea wake akajizolea karibu nusu ya kura. Jijini mambo ni mchanganyiko. Frankfurt ina mabenki na maghorofa marefu, ina wanafunzi, ina wafanyakazi wa uwanja wa ndege, ina mitaa ya viwanda kama Höchst. CDU ina watu wake, chama cha SPD kina wake, chama cha Kijani kina wake, na chama cha mrengo wa kushoto, Die Linke, kimerudi kwa kishindo. Keki ikikatwa vipande vingi hivyo, hata kipande kikubwa zaidi huwa chembamba. Mshindi anaongoza akiwa na chini ya theluthi moja ya kura.

Bavaria ilionyesha hivyo hivyo. Chama cha CSU kilipoteza viti vitatu kwa utaratibu huu: Augsburg, Nürnberg-Nord na München-Süd. Vyote vitatu ni vya mjini. Volker Ullrich, ambaye aliliwakilisha eneobunge la Augsburg tangu 2013, alishinda tena 2025 na bado akaondoka.

Kilio kilikuwa kikubwa. Wakosoaji walisema mpigakura amedharauliwa, na kwamba ni aibu kumwambia mtu achague mbunge kisha umwambie asante, tumekusikia, ila huyu hatumchukui. Kilio hicho tunakielewa. Lakini hatukubaliani nacho chote.

Aliyeshinda kwa robo

Tuseme ukweli. Mgombea akipata kura 28 katika kila 100, maana yake ni kwamba 72 walimtaka mtu mwingine. Ni wa kwanza, sawa, lakini hajawa sauti ya eneo zima. Sisi Wakenya tunalijua hili vizuri. Tuna wabunge walioingia kwa sehemu ndogo ya kura kwa sababu wapinzani wao walikuwa wengi na waligawana kura, kisha wakatembea miaka mitano wakisema "watu wangu wamenituma". Watu gani?

Sheria ya Ujerumani inasema jambo ambalo wanasiasa hawapendi kusikia, kwamba kiti ni cha wapigakura wote kwa jumla kabla ya kuwa cha aliyetangulia. Chama kilichopata asilimia 16 ya kura za nchi kinapaswa kuwa na uzito wa 16 bungeni, kisiwe na 10 wala 25. Kwa msingi huo tunaona mageuzi ya 2023 yalikuwa ya haki. Nchi inayopunguza idadi ya wabunge wake yenyewe, bila kusukumwa na deni wala maandamano, si kitu cha kubezwa.

Na Frankfurt haikubaki yatima. Armand Zorn wa SPD alishinda Frankfurt am Main I mwaka 2021. Mwaka 2025 alishindwa na Schwander, lakini akaingia kupitia orodha ya chama, na leo ni mmoja wa manaibu wa kiongozi wa wabunge wa SPD. Omid Nouripour wa chama cha Kijani alishinda Frankfurt am Main II mwaka 2021, akashindwa 2025, akaingia kwa orodha, na Machi 2025 akachaguliwa kuwa mmoja wa manaibu wa spika. Ajabu, sivyo? Walioshindwa wako ndani, walioshinda wako nje.

Ajabu nyingine ni hii: Zorn alizaliwa Yaoundé, Cameroon, mwaka 1988, na alifika Ujerumani akiwa na miaka 12. Nouripour alizaliwa Tehran, Iran, akafika akiwa na miaka 13. Jiji la mabenki linasemewa Berlin na watoto wawili waliowasili na masanduku ya wazazi wao.

Kosa tunaloliona katika sheria hii ni moja. Mpigakura anapewa karatasi inayomwambia kwamba kwa kura ya kwanza anachagua mbunge wa eneo lake, hali anachochagua ni mtu wa kusimama kwenye foleni. Kama mshindi anaweza kukosa kiti, mpigakura aambiwe hivyo waziwazi, kwa maneno mepesi, kabla hajashika kalamu. Jambo la haki halina sababu ya kujificha.

Kilio halisi kiko kwingine

Sasa tufike penye uzito. Washindi 23 waliokosa viti waliandikwa magazetini, wakahojiwa, majina yao yanajulikana. Lakini Frankfurt ina kundi lingine lililokosa uwakilishi, na hilo ni kubwa kuliko wafuasi wa Schwander na Born wakijumlishwa. Takriban theluthi moja ya wakazi wa jiji hilo hawana pasipoti ya Ujerumani.

Hao hawapigi kura ya Bundestag. Hilo si jambo la kushangaza. Hata Kenya kura ni ya raia, na Mganda aliyekaa Busia miaka 20 hapigi. Linaloshangaza ni jambo la pili, ambalo wengi hata hawalijui: wageni hao hawahesabiwi hata mipaka ya maeneobunge inapochorwa. Sheria ya uchaguzi ya Ujerumani inasema idadi ya watu inapotafutwa kwa kazi hiyo, wageni wanaachwa nje. Anahesabiwa Mjerumani mtu mzima, anahesabiwa mtoto wa Mjerumani aliyezaliwa jana, lakini muuguzi wa kigeni aliyemzalisha mama yake hahesabiwi.

Linganisha na Katiba yetu ya 2010. Kifungu cha 89 kinataka kila eneobunge liwe na wakazi wanaokaribiana kwa idadi, na neno lililotumika ni wakazi. Ukiishi hapa, unahesabika kama mtu anayekula, anayepanda matatu na anayehitaji hospitali, hata kama kura yako iko Kampala. Katika hili, kwa mara moja, sisi ndio tunaoweza kuwafundisha.

Tufanye hesabu kidogo. Ujerumani ina watu wapatao milioni 84. Ukiwagawa kwa maeneobunge 299 unapata takriban watu 280,000 kwa kila moja. Frankfurt ina wakazi zaidi ya 750,000. Kama kila mkazi angehesabiwa, jiji hilo lingekaribia maeneobunge matatu. Yenye jina lake ni mawili. Miji iliyovuta wageni wengi kuja kufanya kazi ndiyo inayopungukiwa na uzito, na maeneo ambayo wageni ni wachache ndiyo yanayofaidika.

Mtu anaweza kusema, basi, si kitu, mbunge wa Ujerumani hana hela za basari wala hajengi madarasa. Ni kweli. Kule hakuna mfuko wa maendeleo wa eneobunge kama NG-CDF. Mbunge ana ofisi, wasaidizi na masikio ya kusikiliza. Shule ni za jimbo, taka na barabara za mtaa ni za jiji. Lakini hebu angalia Bundestag linaamua nini. Linaamua nani apewe viza ya kazi na kwa masharti gani. Linaamua mke wako au mume wako akufuate lini. Linaamua unakaa miaka mingapi kabla ya kuomba uraia. Juni 2025 lilirefusha hadi mwisho wa 2029 sheria inayodhibiti kodi ya nyumba pale mpangaji mpya anapoingia, jambo ambalo katika jiji ghali kama Frankfurt ni kufa na kupona. Mambo yanayomgusa mgeni kuliko mtu yeyote ndiyo yanayoamuliwa na bunge ambalo yeye hamo hata katika hesabu yake.

Siku ya tatu mpe jembe

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Ujerumani ilitoa jembe kitambo. Mwaka 1955 ilitia saini mkataba wa kuleta wafanyakazi kutoka Italia, na Oktoba 1961 ikatia saini na Uturuki. Waliitwa wafanyakazi wageni. Walichimba makaa ya mawe, wakaunda magari, wakafagia vituo vya treni. Mwaka 1973 nchi ikasimamisha kuwaleta, lakini waliokuwepo walikuwa wameshapata watoto, na watoto wanasoma Kijerumani shuleni. Ilichukua hadi Januari 1, 2000, kabla mtoto wa mgeni aliyezaliwa pale hajaweza kuwa Mjerumani kwa kuzaliwa, tena kwa masharti. Jembe walipewa, barazani hawakuitwa.

Kuna waliojaribu kufungua mlango. Mwishoni mwa miaka ya 1980, majimbo ya Hamburg na Schleswig-Holstein yalipitisha sheria za kuwaruhusu baadhi ya wageni kupiga kura za mashinani. Oktoba 31, 1990, Mahakama ya Katiba ikazifuta. Ilisema mamlaka yote hutoka kwa watu, na watu wanaotajwa katika katiba ni Wajerumani. Baadaye raia wa nchi za Umoja wa Ulaya waliruhusiwa kupiga kura za mitaa. Mkenya, Mturuki na Mhindi bado wanatazama dirishani. Frankfurt ina baraza la wageni linalochaguliwa na wageni wenyewe, nalo linaweza kushauri na kupendekeza. Kuamua, hapana.

Tunaihimiza Ujerumani ifanye jambo moja ambalo halihitaji kumpa mgeni kura: ihesabu wakazi wote inapochora mipaka. Mbunge wa jiji atabaki kuchaguliwa na raia, lakini atalazimika kujua kwamba amepewa kiti hicho kwa sababu ya kila anayeishi pale. Nchi inayotuma ujumbe hadi Nairobi kutafuta madereva na wauguzi haiwezi kuendelea kujifanya kwamba watu hao, wakishafika, ni hewa.

Miji inaweza kusikika

Kabla hujakata tamaa na kura za mjini, sikiliza hii. Katika uchaguzi wa 2021 Die Linke ilipata asilimia 4.9 ya kura za pili, chini ya asilimia 5 zinazohitajika kuingia bungeni. Ilipaswa kutoka. Lakini sheria ina mlango wa pembeni: chama kikishinda maeneobunge matatu, kinaingia na viti vyote vinavyolingana na kura zake. Die Linke ilishinda matatu kamili, Lichtenberg na Treptow-Köpenick jijini Berlin, na moja jijini Leipzig. Maeneo matatu ya mjini yalikiokoa chama chenye wabunge 39.

Mwaka 2025 chama hicho kikaenda mbele zaidi. Ferat Koçak, Mberlini kutoka familia yenye asili ya Uturuki, alishinda Neukölln, mtaa unaojulikana kwa wahamiaji na kwa kodi zinazopanda. Ilikuwa mara ya kwanza Die Linke kushinda eneobunge ambalo lote lilikuwa upande wa Magharibi enzi za ukuta. Alishinda vipi? Kwa miguu. Wafuasi wake, wengi wao vijana, walibisha mlango hadi mlango wakiuliza watu kodi ni ngapi na joto la nyumba linawagharimu kiasi gani. Kati ya wapigakura wa chini ya miaka 25, Die Linke iliongoza nchi nzima kwa takriban robo ya kura zao. Waliojitokeza kwa jumla walikuwa asilimia 82.5, idadi ya juu zaidi tangu nchi hiyo iungane 1990.

Kura ya mjini ina nguvu. Shida ni nani anayeishika.

Njia aliyopita mtu wa Halle

Kwa kijana anayepanga kwenda, mfano bora si wa Frankfurt. Ni wa Halle, mji wa mashariki katika jimbo la Sachsen-Anhalt. Karamba Diaby alizaliwa Marsassoum, Senegal, mwaka 1961. Aliwasili Ujerumani Mashariki mwaka 1985 kama mwanafunzi. Alisomea kemia Halle hadi akapata shahada ya uzamifu, kwa utafiti wa udongo wa bustani ndogo ndogo ambazo wenyeji hulima mboga. Mwaka 2001 akapata uraia. Mwaka 2009 akaingia baraza la mji. Mwaka 2013 akaingia Bundestag kupitia orodha ya SPD, na yeye pamoja na Charles M. Huber wa CDU wakawa wabunge wa kwanza wenye asili ya Afrika humo. Mwaka 2021 akashinda eneobunge la Halle lenyewe, kura za watu wa Halle, kwa jina lake.

Hesabu miaka hiyo. Kutoka kushuka kwenye ndege hadi uraia ni 16. Kutoka uraia hadi bungeni ni 12. Hakuna hatua aliyoiruka.

Wala haikuwa bure. Januari 2020 dirisha la ofisi yake Halle lilipatikana na matundu ya risasi. Alitumiwa vitisho vya kuuawa. Mwaka 2024 alitangaza kwamba hatagombea tena. Katika uchaguzi wa 2025, chama cha AfD, ambacho kimejijenga kwa kupinga uhamiaji, kiliongoza jimbo la Sachsen-Anhalt kwa asilimia 37 ya kura za pili. Mkenya anayeambiwa na ajenti kwamba Ujerumani inamsubiri kwa mikono miwili aambiwe na hilo pia.

Kwako wewe unayefunga begi

Ushauri wetu basi ni huu. Usiende ukidhani kwamba kazi ni yote. Wengi hufika wakiwa na mpango wa mshahara, wa kujenga kwao na wa kumsomesha mdogo wao, lakini hawana mpango wa uraia. Miaka inapita, wanalipa kodi, wanalipa bima, na sheria zinabadilishwa juu ya vichwa vyao.

Tangu Juni 27, 2024, Ujerumani imepunguza muda wa kuomba uraia kutoka miaka 8 hadi 5 ya kuishi kihalali. Sheria hiyo hiyo iliruhusu mtu kubaki na uraia wake wa awali, na Katiba yetu inasema Mkenya wa kuzaliwa hapotezi uraia kwa kupata mwingine. Kwa hivyo huhitaji kuchagua kati ya mama na shangazi. Unahitaji Kijerumani cha kiwango cha B1, uwezo wa kujikimu, na kupita mtihani wa maswali 33 ambapo 17 yakiwa sahihi umepita. Lakini usilale ukidhani mlango utabaki wazi hivyo daima. Njia ya mkato ya miaka mitatu, iliyowekwa na sheria hiyo hiyo, ilifutwa na Bundestag Oktoba 2025. Kilichotolewa na bunge moja huchukuliwa na lingine, na wanaotoa na kuchukua huchaguliwa na waliopo kwenye daftari.

Pia usidanganyike na tarakimu. Mkataba wa Berlin ulipotiwa saini, zilisambaa habari kwamba Wakenya 250,000 wangepewa kazi. Wizara ya Ndani ya Ujerumani ilikanusha, ikasema mkataba hautaji idadi yoyote. Ukiambiwa nafasi yako imehifadhiwa katika idadi hiyo na kwamba unachohitaji ni kutuma chapaa leo, jua umekutana na tapeli.

Kwa nyinyi mnaobaki, somo la Frankfurt linafika hata hapa. Tumezoea kuuliza nani ameshinda. Tuanze kuuliza maswali magumu zaidi: ameshinda kwa sehemu gani ya kura, wale wengine waliomkataa wanasemewa na nani, na mipaka ya eneo lenyewe ilihesabu nani. Uchaguzi wa 2027 utakuja na mabango na nyimbo. Kijana ambaye hajajiandikisha atakuwa Nairobi au Mombasa kama Mkenya alivyo Frankfurt, anafanya kazi, analipa ushuru, na hahesabiwi. Tofauti ni kwamba yule wa Frankfurt alinyimwa na sheria, huyu wa hapa amejinyima mwenyewe.

Schwander na Born wana chama, wana jina, na watagombea tena wakitaka. Mfagiaji wa uwanja wa ndege wa Frankfurt anayetoka Kisii au Kakamega hana wa kumlilia. Asiyekuwepo na lake halipo. Ukienda, nenda ukiwa na nia ya kuwepo.